Sakafu ya Kukaa Uani: Kupanga Ukubwa na Mpangilio Wake

Sakafu ya kukaa uani hupimwa kwa viti vilivyovutwa nyuma, si kwa viti vilivyosukumwa chini ya meza. Hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Mwenye nyumba hupima meza, akaongeza nusu mita kila upande, fundi akamwaga zege. Siku ya wageni, miguu ya nyuma ya viti inaning'inia ukingoni, na anayepita na sinia la chai analazimika kukanyaga majani. Wapo pia wanaokwenda upande wa pili, wakafunika ua mzima kwa pevingi. Hao mchana hawakai nje kwa joto, na masika ikianza, maji yanapiga hodi mlango wa jikoni.

Swali linalorudiwa na wenye nyumba ni lilelile: iwe mita ngapi kwa ngapi? Hakuna namba moja inayofaa kila ua, lakini ipo njia ya kuipata namba ya ua husika kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa. Njia hiyo huanza na kazi zinazofanyika uani, hufuata vipimo vya watu na samani, kisha jua, upepo, maji na mambo yaliyofukiwa ardhini. Mwisho kabisa ndipo huja fundi.

Kazi kwanza, mita baadaye

Ua wa nyuma katika nyumba za Afrika Mashariki haukuwa mahali pa kupumzikia tu. Katika nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, baraza la mbele lilikuwa la wageni na maongezi, ukumbi ulipita katikati ya vyumba, na uani kulikuwa na jiko, choo, stoo na kamba ya nguo. Nyumba nyingi mpya zimewahamishia wageni nyuma bila kuzihamisha kazi. Anayepanga sakafu kwa kufikiria viti peke yake atakuta baadaye beseni la kufulia limeketi mahali pa meza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni karatasi na kalamu. Kila kazi ya uani huandikwa, na mbele yake huandikwa hufanyika mara ngapi:

- Kila siku: kupika kwa jiko la mkaa, kuosha vyombo, kukuna nazi, watoto kucheza, watu wazima kupunga upepo jioni.
- Kila wiki: kufua na kuanika, kula pamoja siku ya Ijumaa au Jumapili, kuchoma nyama.
- Mara moja au mbili kwa mwaka: hitima, maulidi, sherehe ya arusi, Krismasi au Idi ya ukoo mzima.

Kanuni ni kwamba sakafu hujengwa kwa ajili ya mistari miwili ya kwanza. Shughuli ya mara moja kwa mwaka hufanyika kwenye majani au udongo uliofagiliwa, chini ya turubai na viti vya kukodi. Anayejenga sakafu ya watu sitini kwa ajili ya siku moja ataifagia na kuipangusa siku zote zilizobaki bila kuitumia.

Vipimo vya kuanzia

Vipimo vifuatavyo vinatokana na mwili wa mtu mzima na samani za kawaida. Vinaweza kuongezwa, kuvipunguza ni kujitafutia kero.

- *Mtu mmoja mezani:* sentimita 60 za ukingo wa meza.
- *Kuvuta kiti na kuinuka:* sentimita 90 kutoka ukingo wa meza kwenda nyuma. Sentimita 75 ndiyo kikomo. Chini ya hapo mtu hutoka kwa kujibana.
- *Kupita nyuma ya aliyekaa:* sentimita 60 zaidi, yaani mita 1.5 kutoka ukingo wa meza.
- *Njia ya mtu mmoja:* sentimita 90. Wawili wapishane, au mmoja apite na beseni la nguo: mita 1.2.
- *Kiti cha magurudumu:* njia ya sentimita 90 na duara la mita 1.5 la kugeukia.
- *Viti vinne vya kupumzikia na meza ndogo katikati:* mita 3 kwa 3.
- *Mkeka na sinia la watu wanne au watano:* duara la mita 2.2 hivi.
- *Jiko la mkaa au la kuchomea nyama pamoja na mpishi wake:* mita 1.8 kwa 1.5.
- *Anayefua, beseni mbili na ndoo:* mita 1.5 kwa 1.5.
- *Kibaraza cha kujengea ukutani:* kimo cha sentimita 45 na upana wa sentimita 45.

Kibaraza cha kujengea kinastahili kuangaliwa upya na wenye viwanja vidogo. Mtu anayekaa kibarazani havuti kiti, kwa hiyo upande huo wa meza hauhitaji sentimita 90, nusu mita inatosha. Kibaraza cha mita 2.4 kandokando ya ukuta hukalisha watu wanne. Wageni wakiondoka, hapo hapo huwekwa ndoo, sahani za kukaushwa au mtoto aliyelala. Jambo la kuzingatia ni kwamba meza inayokaa mbele ya kibaraza iwe nyepesi, mtu aweze kuisogeza, kwa sababu kibaraza chenyewe hakisogei.

Kujumlisha: mfano wa kiwanja cha 20 kwa 20

Viwanja vingi vya mijini Tanzania vina mita 20 kwa 20 au karibu na hapo. Kenya wengi wana futi 50 kwa 100. Tuseme kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 imesimama nyumba yenye upana wa mita 12, na kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba hadi ukuta wa uzio zimebaki mita 5. Familia ina watu sita, hula nje mwishoni mwa wiki na hupikia nje kila siku.

1. Meza ya watu sita ina sentimita 150 kwa 90: wawili kila upande mrefu, mmoja kila kichwa.
2. Kwa urefu: 150 jumlisha 90 kila kichwa, jumla sentimita 330.
3. Kwa upana: 90 jumlisha 90 kila upande, jumla sentimita 270.
4. Kati ya ukuta wa nyumba na eneo la meza lazima ibaki njia ya sentimita 90, maana mlango wa jikoni uko hapo. Upana sasa ni 270 jumlisha 90, yaani mita 3.6.
5. Pembeni mwa meza huongezwa eneo la jiko, sentimita 180. Urefu sasa ni 330 jumlisha 180, yaani mita 5.1.

Sakafu ni mita 5.1 kwa 3.6, sawa na mita za mraba 18 na kidogo. Kutoka ukingo wake hadi ukuta wa uzio zinabaki mita 1.4 za udongo, zinazotosha mchaichai, mlimao au ua la asmini, na kunywa maji ya mvua. Upande wa pili wa ua unabaki kwa kufua, kamba za nguo na tangi la maji.

Vitofali vya pevingi, au kabro kama wanavyoviita Wakenya, vya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Mita 18.36 zinahitaji vitofali 918. Vikiongezwa asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, elfu moja vinatosha. Vipimo vya sakafu vikikubali kugawanyika kwa sentimita 10, kama vilivyo hapa, kukata hupungua.

Meza ya duara ya watu wanne, yenye kipenyo cha mita 1.1, huhitaji duara la karibu mita 2.9. Kwa familia ndogo au kiwanja chenye kona ya ajabu, meza hiyo hupenya pale ya mstatili isipopenya.

Jua: michoro ya Ulaya haifai hapa

Michoro ya vitabu na majarida ya Ulaya huelekeza sakafu iwekwe kusini mwa nyumba ili ipate jua. Karibu na ikweta hesabu hiyo haina maana. Dar es Salaam, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini hadi Februari. Kaskazini na kusini mwa nyumba hupokezana kivuli, na hakuna upande kati ya hizo mbili ulio salama mwaka mzima.

Tofauti ya kweli iko mashariki na magharibi:

- *Mashariki mwa nyumba:* jua la asubuhi, kivuli cha nyumba kuanzia mchana. Kwa Pwani, hapa ndipo mahali bora pa kukaa jioni.
- *Magharibi mwa nyumba:* jua la alasiri huingia chini ya paa na kuwapiga watu usoni. Ukuta wa nyumba na wa uzio hunywa joto hilo na kulitoa hadi usiku. Ua ukiangalia huko, mti au kiambaza cha mimea inayotambaa upande wa magharibi ni lazima, na huhesabiwa ndani ya mpango tangu mwanzo.
- *Nyanda za juu, kama Arusha, Mbeya au Nairobi:* Juni na Julai watu hulitafuta jua badala ya kulikimbia. Hapo sehemu isiyo na paa hupewa nafasi kubwa zaidi, au paa hufunika nusu tu.

Paa la bati bila dari hupunguza mwanga wa jua lakini si joto. Likijengwa, liwe juu, upepo upite chini yake. Paa pia huhitaji nguzo, na nguzo hula nafasi: huwekwa ukingoni mwa sakafu, kamwe si katika njia wala nyuma ya viti. Kwa jengo lolote lenye paa la kudumu, halmashauri huulizwa kwanza kuhusu kibali na umbali kutoka mpakani.

Upepo na moshi

Pwani, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Jiko likiwekwa upande wa kaskazini mashariki mwa meza, wageni wa Januari watakula moshi. Likiwekwa kusini mashariki, watakula moshi wa Julai. Upepo wote mkubwa wa mwaka una asili ya mashariki, kwa hiyo jiko hukaa upande wa magharibi wa meza, moshi ukimbilie mbali na watu na mbali na madirisha ya vyumba.

Moto wazi hauketi karibu na mapazia, makuti wala turubai. Na jambo moja halina mjadala: sakafu yenye paa ikizungushiwa turubai wakati wa mvua, jiko la mkaa hutolewa nje. Mkaa unaowaka katika nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa wamekaa.

Maji: mteremko na kimo

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika si kitu cha ajabu, huangusha lita 900 juu ya sakafu ya mita 18. Nusu ya paa la nyumba ya mfano, mita za mraba 60, humwaga lita nyingine 3,000 pale pale kama haina mfereji wa paa. Hizo ni karibu tani nne za maji mlangoni mwa jikoni katika mvua moja.

Ndiyo maana mambo manne huamuliwa pamoja na ukubwa:

1. *Mteremko.* Sentimita 2 kwa kila mita, kutoka kwenye nyumba kwenda nje. Sakafu ya upana wa mita 3.6 hushuka sentimita 7. Mteremko huu hauonekani kwa macho na meza haitikisiki.
2. *Kimo.* Uso wa sakafu, pale unapogusa nyumba, uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani na chini ya safu ya kuzuia unyevu ukutani. Sakafu ya nje ikilingana na ya ndani, maji huingia na ukuta huanza kumenyeka rangi.
3. *Maji ya paa.* Mfereji wa bati na bomba la kushushia, likielekea kwenye tangi au shimo la changarawe, si juu ya sakafu.
4. *Mwisho wa maji.* Yaende kwenye udongo wa mwenye nyumba au mtaro, kamwe si kwa jirani. Kidimbwi kinachokaa zaidi ya wiki moja ni nyumba ya mbu.

Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 15, huhitaji ngazi. Kipandio kiwe sentimita 15 kwa kimo na 30 kwa kina. Kama nyumbani yupo mzee au mwenye kiti cha magurudumu, huwekwa mteremko wa mita moja kwa kila sentimita 8 za kupanda. Urefu wa mteremko huo hutengewa nafasi mapema. Ukisahauliwa, hukatiza katikati ya eneo la viti.

Yaliyofukiwa ardhini

Ua wa nyuma ndiko zilikofichwa chemba, shimo la maji taka, bomba la maji na mara nyingine waya wa umeme wa geti au pampu. Kabla ya kuchora mstari wowote, kila kimoja hutafutwa na kuwekewa kijiti.

- Kifuniko cha chemba hakifunikwi na zege wala pevingi. Sakafu ikilazimika kupita hapo, kifuniko hupandishwa hadi usawa wa sakafu na kuachwa kikifunguka, na meza haiwekwi juu yake.
- Juu ya shimo la maji taka haijengwi sakafu ya kukaa. Shimo likijaa, gari la kunyonya litahitaji kufikisha mpira wake, na zege lililo juu litabomolewa.
- Kabla ya kumwaga zege, bomba tupu la plastiki hulazwa chini, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siku taa au bomba la maji likihitajika ng'ambo, waya au bomba hilo litapita humo bila kuvunja chochote.
- Mti mkubwa huachiwa udongo usiopungua mita moja kila upande wa shina. Mizizi ya mkungu na mwembe huinua pevingi kama mtu anayefunua jamvi. Mti wenye kivuli kizuri usikatwe kwa ajili ya sakafu, sakafu huupisha.

Milango, njia na macho ya watu

Mpangilio mzuri huonekana katika mwendo wa watu. Mistari mitatu huchorwa kwenye karatasi: kutoka mlango wa jikoni hadi jiko la nje, kutoka mlango huo hadi kamba ya nguo, na kutoka geti hadi mahali pa kukaa wageni. Mstari wowote ukikatiza meza, meza husogezwa. Mistari miwili ikigongana mlangoni, eneo la mlango hupanuliwa hadi mita 1.2 au 1.5.

Mlango unaofungukia nje, pamoja na wavu wake wa mbu, huchorwa ukiwa wazi. Ubawa wa sentimita 90 hufagia nafasi ya sentimita 90, na hapo hapawekwi kiti, kinu wala chungu cha maua.

Mgeni anayetoka getini asipitishwe katikati ya mapishi na nguo za ndani zilizoanikwa. Pale njia ya pembeni mwa nyumba inapopatikana, huwekwa vitofali vya upana wa sentimita 90 hadi sehemu ya kukaa, na kamba za nguo huhamishiwa upande wa pili. Jirani mwenye ghorofa pia hukumbukwa: anayekaa sakafuni huinua macho na kuangalia ni madirisha yapi yanamwona. Mti mmoja au kiambaza cha makuti mahali panapostahili husitiri kuliko ukuta uliopandishwa pande zote, ambao huzuia na upepo.

Kazi za kishindo hupewa mahali pake. Kinu kikitwangiwa juu ya pevingi kila siku, vitofali vya chini yake huzama na kulegea, na baada ya miezi michache huwa bakuli la maji. Kinu hukaa juu ya ardhi ngumu nje ya ukingo.

Kujaribu kwa kamba kabla ya kujenga

Jaribio hili hugharimu kamba, vijiti vinne na majivu au chokaa.

1. Vijiti vya pembe nne huchomekwa kwa vipimo vilivyopatikana na kamba huzungushwa.
2. Pembe hunyooshwa kwa hesabu ya tatu, nne, tano: mita 3 hupimwa upande mmoja wa kona, mita 4 upande mwingine, na kati ya alama hizo mbili lazima zipatikane mita 5 kamili. Zikipungua au kuzidi, kona haiko mraba.
3. Majivu hunyunyizwa juu ya mstari wa kamba, na kamba huondolewa ili isiwaangushe watoto.
4. Meza na viti halisi hutolewa nje na kupangwa ndani ya alama. Jiko, beseni na mkeka pia.
5. Watu huketi, viti huvutwa, mmoja hupita nyuma yao na sinia mkononi. Panapokwama hupimwa upya.
6. Alama huachwa wiki moja. Jua huangaliwa saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Mvua ikinyesha, mkondo wa maji hutazamwa unapoelekea.

Waliofanya jaribio hili mara nyingi huishia kuongeza sentimita 30 hadi 60 upande mmoja tu, na kuhamisha jiko. Mabadiliko hayo kwa majivu ni ya dakika tano. Kwa zege ni ya nyundo.

Makosa yanayojirudia

- *Kuanza na hela.* Kununua vitofali kwanza kisha kutafuta umbo linalovimaliza.
- *Kupima samani za dukani.* Meza inayoonekana ya wastani katika ukumbi mkubwa wa duka hujaza ua mdogo.
- *Ukanda mwembamba.* Sakafu ya mita 1.5 kwa 9 kandokando ya nyumba ina eneo kubwa kwenye karatasi lakini meza haikai. Upande mfupi wa sehemu ya kulia chakula yenye viti pande zote usipungue mita 2.7.
- *Umbo la madoido.* Mawimbi na pembe sita hukata vitofali vingi na kuacha vipande visivyowekwa kiti.
- *Kusahau kingo.* Pevingi bila ukingo wa zege pembeni hutawanyika, na mstari wa mwisho huanza kuinama msimu wa kwanza wa mvua.
- *Unene usiolingana na kazi.* Kwa watu kutembea na kukaa, vitofali vya milimita 60 vinatosha juu ya kifusi au moramu iliyoshindiliwa ya sentimita 10 hadi 15 na mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Gari likiingia, vinahitajika vya milimita 80 na tabaka nene zaidi chini.
- *Jamvi moja la zege lisilo na mikato.* Jamvi la unene wa sentimita 10 hukatwa viungo kila baada ya mita 3 au pungufu; lisipokatwa, litajikatia lenyewe linapotaka.
- *Taa moja ukutani.* Humwangazia mpishi mgongo na kuacha jiko gizani. Mahali pa taa hupangwa pamoja na mahali pa jiko na ngazi.

Shaka na pingamizi

*"Ua wangu una mita tatu tu."* Mita tatu zinatosha. Kibaraza ukutani mwa uzio, meza nyembamba ya sentimita 70 na viti upande mmoja huhitaji: sentimita 45 za kibaraza, 70 za meza, 90 za viti, jumla mita 2.05. Inabaki njia ya karibu mita moja mbele ya mlango.

*"Kwa nini nisifunike ua wote niondokane na matope?"* Matope huisha kwa njia ya vitofali, changarawe na majani. Ua wote ukifunikwa, maji hayana pa kuzama, joto huongezeka, na kila ukarabati wa bomba huwa wa kubomoa. Tena gharama huongezeka maradufu kwa eneo ambalo hakuna anayekaa.

*"Nitaanza ndogo, nitaongeza baadaye."* Ni mpango mzuri kwa sharti kwamba ukubwa wa mwisho umechorwa leo. Upande utakaoongezwa huachwa ukiwa mnyoofu, mteremko huelekezwa kwingine, na vitofali vya akiba hununuliwa vya kundi moja kwa kuwa rangi ya kundi la mwaka kesho haitafanana. Pevingi huongezeka kwa urahisi. Zege lililounganishwa huonyesha mshono daima.

*"Fundi wangu ni mzoefu, atajua mwenyewe."* Fundi mzoefu anajua kushindilia, kusawazisha na kushika pimamaji. Hajui nani ndani ya nyumba hukaa wapi, wala shangazi gani huja kila Jumapili na mkeka wake. Akipewa mchoro wenye vipimo, ataujenga. Asipopewa, atajenga alichojenga kwa mteja aliyepita.

*"Nyumba ni ya kupanga."* Basi vitofali hupangwa juu ya mchanga bila saruji, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, au hutumika changarawe iliyozungushiwa kingo. Vipimo vya viti na njia havibadiliki, na vitofali huondoka na aliyevinunua.

Karatasi ya kumkabidhi fundi

Mpango umekamilika pale ukurasa mmoja unapoweza kujibu yote haya:

- Urefu na upana wa sakafu, kwa mita, na umbali wake kutoka ukuta wa nyumba na wa uzio.
- Mahali pa meza, jiko, kibaraza na nguzo, vyote vikichorwa kwa vipimo.
- Njia na milango, mabawa yakiwa wazi.
- Chemba, shimo, bomba, waya na miti, na nafasi iliyoachiwa kila kimoja.
- Mwelekeo wa mteremko kwa mshale, na sentimita zinazoshuka kutoka mwanzo hadi mwisho.
- Kimo cha sakafu ya nje kikilinganishwa na ya ndani.
- Aina na unene wa vitofali au jamvi, tabaka za chini, na kingo.
- Upande utakaoongezwa baadaye, kama upo.

Karatasi hiyo husainiwa na pande zote mbili kabla ya malipo ya kwanza, na nakala moja hubaki nyumbani. Katika kupunguza gharama, sakafu hupunguzwa idadi ya shughuli inazobeba. Sentimita 90 za kiti na sentimita 2 za mteremko haziguswi.